MTANDAO WA INTANETI KATIKA MAHOTELI: NANI ATAKULA, NA NANI ATAOSHA VYOMBO?

Ndugu Wanachama, na ninyi nyote wafanyakazi wa mahoteli, kambi za safari, magari ya watalii na majumba ya wageni,

Siku hizi kila mkutano wa matajiri wa hoteli huwa na wimbo mmoja. Husema kwamba dunia imebadilika, kwamba mgeni wa leo haji tena kwa barua wala kwa kupitia ofisi ya safari, ila huchagua kitanda chake kwa simu akiwa kwao Ulaya, na kwa hivyo sisi wafanyakazi nasi hatuna budi kubadilika. Wakiisha kusema hayo hupigiana makofi na kunywa chai. Baada ya siku chache tangazo hubandikwa karibu na mlango wa jikoni, kwamba makarani wawili wa mapokezi na mmoja wa simu hawatahitajika tena mwisho wa mwezi.

Gazeti letu hili dogo leo lataka kuwajibu, na jibu letu si lile wanalolitazamia. Wanatazamia tuseme kwamba hatutaki mashine, ili wapate kucheka na kusema wafanyakazi wa Kenya ni watu wa zamani. Hatusemi hivyo. Twasema kwamba intaneti ni chombo, na kila chombo kina mwenyewe, na mwenyewe hukielekeza pale penye faida yake. Mashine haijapata kumfuta mtu kazi kwa hiari yake. Barua ya kufutwa kazi huamuliwa na mtu, hutiwa sahihi na mtu, na pesa zinazobaki huingia katika mfuko wa mtu. Mtu huyo tunamtaka ajitokeze mezani tuzungumze naye.

DALALI HAKUONDOKA

Wazee waliofanya kazi Pwani miaka ya 1970 na 1980 wanakumbuka biashara hii ilivyokuwa. Mgeni kutoka Ujerumani, Uingereza au Italia alinunua safari yake nzima kwao, yaani ndege, kitanda, na chakula tangu asubuhi mpaka usiku. Alilipa kwao, kwa kampuni ya kwao, akashuka Mombasa akiwa na pesa za vinyago na za soda tu. Kampuni ya Ulaya ndiyo iliyomwambia mwenye hoteli bei atakayopewa, na mwenye hoteli akija kwetu wakati wa kudai nyongeza alisema hana, kwa sababu kampuni imembana.

Kisha mambo mapya yakaja. Machi 2007 M-Pesa ilianza. Juni 2009 waya wa TEAMS, uliopita chini ya bahari kutoka Fujairah katika Ghuba, ulifika Mombasa, na Julai mwaka huo huo waya wa Seacom ukaanza kazi. Kabla ya hapo tulitegemea satelaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya polepole. Baada ya hapo tukaambiwa kwamba dalali amekwisha. Mgeni wa Berlin atazungumza na hoteli ya Diani moja kwa moja, pesa zitakuja nzima, na hata mwenye mashua wa Wasini na mwenye nyumba ya wageni Lamu atajiuzia mwenyewe.

Sehemu ya maneno hayo ni kweli, na hatutaikana. Wako wenye mashua, waongozaji wa safari, na akina mama wenye vyumba viwili vitatu ambao leo hupata wageni kwa simu zao wenyewe na kulipwa kwa M-Pesa, bila ya kumpigia mtu magoti. Na mwaka 2020, ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa tangu 25 Machi mpaka 1 Agosti kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, hoteli zilizothubutu kufungua milango ziliwategemea wananchi wa Kenya, na wananchi hao waliitwa kwa WhatsApp na Facebook. Anayesema intaneti haikutufaa hata kidogo hasemi kweli, na chama cha wafanyakazi hakijengwi kwa uwongo.

Lakini dalali hakuondoka. Alibadili kanzu tu. Booking.com ilianzishwa Uholanzi mwaka 1996, na makao yake yako Amsterdam. Expedia ilianzishwa Marekani mwaka huo huo. Airbnb ilianzishwa San Francisco mwaka 2008. Kampuni hizi hazifui shuka Nyali wala hazipiki chapati Nanyuki. Zina orodha, na orodha hiyo ndiyo mlango. Hoteli isiyokuwamo katika orodha ni kama haipo, na iliyo ukurasa wa tano ni kama haipo vilevile. Mwenye hoteli akitaka kupandishwa juu hukubali kuongeza kamisheni au kupunguza bei. Hata mgeni akiliandika jina la hoteli yenyewe katika Google, mara nyingi tangazo la kwanza atakaloliona ni la dalali, kwa sababu dalali amelilipia jina lile.

Maana yake ni kwamba mtu amesimama mlangoni pa nyumba yako, na anakutoza wewe kwa kuwaingiza wageni wako mwenyewe.

HESABU YA CHUMBA KIMOJA

Tufanye hesabu, maana hesabu haina maneno matamu. Kamisheni ya kawaida ya Booking.com ni kama shilingi 15 katika kila 100, na hupungua au kuzidi kwa kadiri ya nchi na mkataba. Tuseme chumba ni shilingi 10,000 kwa usiku mmoja. Dalali huchukua 1,500.

Sasa tazama upande wetu. Kiwango cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa kawaida katika Nairobi, Mombasa na Kisumu, kilichowekwa na Serikali kuanzia 1 Novemba 2024, kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila ya posho ya nyumba. Ukigawanya kwa siku 26 za kazi, utapata kama shilingi 620 kwa siku. Basi kamisheni ya chumba kimoja kwa usiku mmoja yapita mshahara wa siku mbili wa mtu anayekifagia chumba hicho, akakipiga deki, akatandika kitanda na kuokota taulo za mgeni sakafuni.

Tuendelee. Tuseme mama huyo husafisha vyumba 12, na vyote 12 vimeuzwa kwa njia ya dalali. Kwa usiku mmoja dalali amepata shilingi 18,000. Usiku mmoja wa dalali umeushinda mwezi mzima wa mama. Na dalali hajui hata choo cha chumba kile kiko upande gani.

Hapa mwenye hoteli atatuambia kwamba tumemsaidia kusema, kwa kuwa yeye naye anaumia. Twamjibu hivi: ni kweli, unaumia. Lakini ulipoumia ulikwenda kwa nani? Hukwenda Amsterdam kubishana na yule aliyekukata 1,500. Ulikuja jikoni ukapunguza wapishi. Ulikwenda bustanini ukawaambia watu wawili wafanye kazi ya wanne. Shilingi ulizopokonywa na mwenye nguvu unataka kuzirudisha kutoka kwa wasio na nguvu. Hapo ndipo ugomvi wetu na wewe ulipo, na hauhusu kompyuta hata kidogo.

Wala asituambie mtu kwamba kazi hii haina pesa. Serikali ilitangaza kwamba mwaka 2024 wageni waliokuja Kenya walikuwa karibu milioni 2.4, na mapato ya utalii yalikuwa kama shilingi bilioni 452. Pesa ziko. Tunauliza njia zinayopita, na nani amesimama kando ya njia akichota.

MAMBO MANNE YANAYOTUUMA

Kwanza, nyota za wageni. Zamani mgeni asiyefurahi alimwita meneja, meneja akamwita mtumishi, watatu hao wakasikizana. Leo mgeni huondoka akicheka, akapanda ndege, kisha akiwa kwao huandika katika Tripadvisor au Booking.com kwamba supu ilikuwa baridi na mtumishi fulani alichelewa, tena jina la mtumishi analo, kwa kuwa amelisoma kifuani pake. Maneno hayo hayaulizi gesi ilikwisha saa ngapi, wala siku hiyo meza 20 zilihudumiwa na watu wangapi. Meneja huyachapisha, huyabandika ubaoni, na mtumishi huitwa ofisini akiwa amekwisha hukumiwa na mtu aliye maili elfu nne. Mashahidi hawapo, na mshtaki mwenyewe hayupo.

Pili, kibarua wa simu. Kompyuta ya hoteli siku hizi huonyesha vyumba vingapi vimeshikwa juma lijalo. Jambo hilo si baya. Lakini matajiri wengi wamelitumia ili mtu asiwe na kazi ya kudumu. Mfanyakazi hukaa nyumbani akiitazama simu. Ujumbe ukija usiku usemao njoo kesho, huenda. Ukija usemao usije, hukaa, na siku hiyo hana kitu. Amefanya kazi mahali pamoja miaka mitatu, lakini kwenye daftari yu mgeni kila siku. Hatari yote ya biashara, mvua, uvumi wa vita, onyo la balozi, imehamishwa kutoka kwa tajiri ikawekwa juu ya sufuria ya kibarua.

Tatu, bakshishi. Mgeni aliyelipa kila kitu kwa kadi tangu kwao hana noti mfukoni. Akitaka kumshukuru mpishi au dereva huambiwa aongeze katika kadi, au alipe kwa namba ya M-Pesa ya hoteli. Pesa hizo huingia katika akaunti ya tajiri. Zikitoka, zinatoka lini, na kwa hesabu gani? Katika sehemu nyingi hakuna mfanyakazi hata mmoja anayeweza kujibu swali hilo. Pesa iliyotolewa na mgeni kwa hiari yake kumpa aliyembebea mzigo si mapato ya hoteli, na anayeizuia anakula cha mwenzake.

Nne, nyumba zisizo na kibao. Kwa njia ya Airbnb na nyinginezo, maelfu ya nyumba na fleti zimekuwa hoteli bila ya kuitwa hoteli. Hatuna chuki na mwananchi anayekodisha chumba chake apate karo ya watoto. Lakini pale ambapo mtu mmoja ana fleti 15 Kilimani au Nyali, huyo ni mwenye hoteli. Wanaomfulia, wanaomsafishia na wanaomlindia ni wafanyakazi wa hoteli, na wengi wao hawana barua ya kazi, hawana likizo, wala hawana chama. Sheria ya Utalii ya 2011 yataka makao ya kulaza watalii yapate leseni. Hoteli yenye wafanyakazi mia hulipa ushuru wa utalii wa shilingi 2 katika kila 100 ya mauzo. Yule wa fleti 15, je, analipa? Asipolipa, hoteli itashindwa kushindana naye, na itakapopunguza gharama tunajua itaanzia wapi.

KWA WENZETU WANAOSEMA TUSUSIE

Wako wenzetu, nao ni watu wazuri na wamelitumikia chama muda mrefu, wanaosema kwamba dawa ni moja: tusikubali mashine hizi kabisa. Karani asiguse programu mpya, mtumishi asichukue oda kwa kompyuta ya mkononi, na aje aone nani atamlazimisha.

Twawaheshimu, lakini twawapinga. Serikali yenyewe tangu Januari 2024 imeondoa viza za zamani, na mgeni huomba idhini ya kuingia nchini kwa mtandao kabla ya kupanda ndege. Mgeni hatarudi kwenye barua na stempu kwa sababu sisi tumekasirika. Hoteli moja ikisusia, wageni watakwenda hoteli ya pili, na wafanyakazi wa ile ya kwanza watakuwa wa kwanza kufungiwa milango.

Tena tazameni yaliyowapata makarani wa tikiti. Mashirika ya ndege yaliyo katika IATA yaliacha tikiti za karatasi kuanzia 1 Juni 2008. Karani aliyejua kuandika tikiti kwa mkono kwa miaka 20 alijikuta ujuzi wake hauna mnunuzi. Lakini tarehe ile haikuja usiku kama mwizi. IATA ilikuwa imeutangaza mpango wake tangu 2004, na miaka minne inatosha kumfundisha mtu kazi mpya. Inatosha pia kwa chama chochote cha kazi kama ile kukaa mezani na kudai kwamba hakuna atakayeachwa kabla ya kufundishwa. Asiyekuwapo na lake halipo. Anayesusia mazungumzo ya mashine hataizuia mashine. Atazuia tu jina lake lisiwe katika orodha ya watakaofundishwa.

SHERIA TULIYO NAYO MKONONI

Matajiri hupenda tudhani kwamba mambo ya intaneti ni mapya mno, na kwamba sheria haiyajui. Si kweli. Sheria ya Ajira ya 2007 haikutaja Booking.com, lakini ilimtaja tajiri, na tajiri ni yule yule. Kila mwakilishi wa wafanyakazi na azikariri namba hizi.

Kifungu cha 10 chasema kwamba masharti yaliyoandikwa katika mkataba wa kazi yakibadilika, mabadiliko yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi, naye ajulishwe kwa maandishi. Karani aliyeandikwa kwa mapokezi hawezi kuamka asubuhi akajikuta yeye ni karani, mpiga picha na msemaji wa hoteli katika Instagram, kwa mshahara ule ule.

Kifungu cha 37 chasema kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja kwa jumla, au akipewa kazi ambayo haiwezi kumalizika kabla ya muda wa miezi mitatu kwa jumla, ahesabiwe kama mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Ujumbe wa WhatsApp haukifuti kifungu hiki. Tena ujumbe ule ni ushahidi. Vibarua, msizifute jumbe zenu. Ziwekeni, zionyesheni chama.

Kifungu cha 40 chasema kwamba tajiri anayetaka kupunguza watu kwa sababu kazi zao hazihitajiki tena lazima akiarifu chama na afisa wa kazi muda usiopungua mwezi mmoja mbele, aeleze sababu na kiasi, achague kwa haki akitazama utumishi na ujuzi, na amlipe kila mtu malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Tangazo la mlangoni pa jikoni si notisi.

Kifungu cha 41 chasema kwamba mtu hafutwi kwa kosa kabla ya kuelezwa kosa lake kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na kabla ya kusikizwa. Maneno ya mgeni katika Tripadvisor ni mashtaka. Si hukumu. Tena sheria hiyo imetaja makato yanayoruhusiwa katika mshahara, na nyota za wageni hazimo.

Mwisho, Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya 2007, kifungu cha 57, chamtaka tajiri akipe chama habari zote zinazohitajika ili kiweze kujadiliana sawasawa. Basi safari ijayo akisema hana pesa, tusibishane naye kwa midomo. Tumwambie alete daftari la kamisheni: amelipa madalali kiasi gani mwaka uliopita, na vyumba vingapi vimeuzwa na hoteli yenyewe.

WENGINE WAMEWEZA

Tunaambiwa kwamba kampuni hizi ni kubwa mno, na nchi kama yetu haiwezi kuzigusa. Tutazame wengine. Madalali waliweka katika mikataba yao sharti kwamba hoteli isiuze chumba kwa bei ya chini kuliko ile iliyo katika orodha ya dalali, hata kwa mgeni aliyepiga simu mwenyewe. Ufaransa ililipiga marufuku sharti hilo kwa sheria mwaka 2015. Ujerumani, idara ya kulinda ushindani ililikataza kwa Booking.com mwaka huo huo wa 2015, kesi ikaendelea miaka mingi, na mwaka 2021 mahakama kuu ya mambo ya kiraia ikaiunga mkono idara. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Booking katika orodha ya makampuni makubwa yanayopaswa kufuata sheria kali za masoko ya mtandao.

Mtu atasema hao ni Wazungu matajiri. Haya, tutazame India. Oktoba 2022 tume ya ushindani ya India iliitoza kampuni ya MakeMyTrip pamoja na Goibibo faini ya zaidi ya rupia bilioni 2.2, na kampuni ya OYO faini ya zaidi ya rupia bilioni 1.6, kwa namna walivyotumia nguvu zao sokoni. India haina miujiza. Ilikuwa na sheria, ikaitumia.

Sisi pia tuna Sheria ya Ushindani tangu 2010, na tuna idara yake. Serikali ilianza kutoza kodi ya huduma za mtandao, shilingi 1 na nusu katika kila 100, tarehe 1 Januari 2021, na mwisho wa 2024 ikaiondoa na kuweka kodi nyingine kwa makampuni ya nje yanayofanya biashara ya mtandao hapa. Vema. Lakini kodi ile huingia katika mfuko mkuu wa Serikali. Mama wa vyumba 12 hajaiona. Kutoza dalali kodi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwalinda wanaofanya kazi ambayo dalali anaiuza.

TUNAYOYATAKA

Tunayataka haya yaandikwe katika mkataba wa pamoja utakaojadiliwa, nasi twaomba kila tawi liyazungumze, liyapunguze au kuyaongeza:

1. Tajiri asilete mtambo au programu yoyote inayobadili kazi za watu kabla ya kukiarifu chama kwa maandishi na kujadiliana nacho.

2. Asipunguzwe mtu kwa sababu ya mtambo kabla ya kupewa nafasi ya kujifunza kazi mpya, kwa gharama ya tajiri na kwa saa za kazi. Chuo cha Utalii kilifunguliwa mwaka 1975 na kimelelewa kwa ushuru unaotokana na mauzo ya mahoteli, yaani kwa jasho letu. Tunataka masomo ya muda mfupi huko kwa weita, wapishi na makarani walio kazini sasa, wala si kwa vijana wapya tu.

3. Maneno ya mgeni ya mtandaoni yasitumike kumkata mtu mshahara wala kumfuta, mpaka shauri lisikizwe kwa utaratibu wa kifungu cha 41. Na mgeni akisifu, sifa hiyo nayo iwekwe katika faili la mfanyakazi. Nyota tano zina faida kwa hoteli. Zimfae pia aliyezileta.

4. Bakshishi zote za kadi na za M-Pesa ziandikwe katika daftari lake peke yake, zigawanywe kila mwezi, na kamati ya wafanyakazi ilikague daftari hilo.

5. Ratiba ya kazi itolewe juma zima mbele. Kibarua anayeitwa akafika, kisha akarudishwa, alipwe siku yake.

6. Faida inayopatikana hoteli inapouza vyumba yenyewe bila ya dalali, sehemu yake iingie katika mishahara. Karani wa mapokezi akimshawishi mgeni aliyekuja kwa orodha ya dalali arudi mwakani kwa kupiga simu moja kwa moja, ameiokolea hoteli shilingi 1,500 kwa kila usiku. Kazi hiyo haifanywi na kompyuta. Hufanywa na mtu anayelikumbuka jina la mgeni.

Kwa Serikali tunataka mawili: idara ya ushindani ichunguze mikataba ya madalali wa mtandao na mahoteli ya Kenya, na wenye fleti nyingi za kukodisha wapate leseni, walipe ushuru, na waandike wafanyakazi wao kwa barua.

KAZI YETU WENYEWE

Haya hayatakuja kwa kuyaandika. Januari 1947 watu wa Mombasa walipoacha kazi kwa siku 12, hawakuwa makuli wa bandari peke yao. Walikuwamo wa reli, wa majumbani na wa mahoteli. Hapakuwa na aliyesema kwamba boi wa hoteli hamhusu kuli wa meli. Serikali ya wakati ule ilimkamata kiongozi wao Chege Kibachia mwaka huo huo na kumpeleka mbali, lakini ilikuwa imelazimika kuunda baraza la kutazama mishahara, na nyongeza ilitolewa. Walishinda kidogo, na kidogo hicho walikipata kwa kuwa walisimama pamoja.

Leo matajiri wana intaneti, nasi tunayo katika mifuko yetu. Simu ile inayomwita kibarua saa nne ya usiku yaweza pia kuwaita vibarua wote wa Diani katika mkutano mmoja. Kundi la WhatsApp linalotumiwa kuuzia wageni safari laweza pia kutumiwa kulinganisha mishahara ya hoteli kumi. Mwenzetu anayefua shuka za fleti Kilimani, ambaye hajawahi kumwona mwakilishi wa chama, anaweza kupatikana kwa ujumbe mmoja. Chama kisipomtafuta, tusilalamike kesho atakapotumiwa kuvunja bei ya kazi yetu. Hakosi ni yeye. Ni mfanyakazi aliyeachwa nje ya uzio.

Kwa hiyo kila mwakilishi wa wafanyakazi na afanye mambo matatu kabla ya mkutano ujao wa tawi. Aandike majina ya vibarua wote wa mahali pake, na miezi waliyofanya kazi. Aulize kwa maandishi bakshishi za kadi zinakwenda wapi. Na awalete mkutanoni watu wawili wasio wanachama, mmoja wao awe wa nyumba isiyo na kibao.

Matajiri wamekwisha kukaa mezani na madalali, na bei ya chumba wameipanga. Kiti chetu hakijawekwa. Twendeni na kiti chetu.

UMOJA NI NGUVU.

Mwenzenu katika kazi.